Besi Iliyosikika Nje Tu

3 Machi

Kitinda,

Kifurushi kimefika salama. Nyumbani wote wazima isipokuwa paka, ambaye amenuna, na kosa ni lako.

Nilikuandikia kwamba amplifaya ya marehemu baba imekata roho, ukasema utanitumia nyingine. Basi nikangoja mashine. Nikafungua boksi, nikakuta kidude kidogo kuliko mche wa sabuni, chepesi, kina kitaa kimoja cha bluu. Nikasema huyu mtoto kanitumia chaja. Nikapekua tena yale magazeti uliyofungia, labda mashine yenyewe imejificha. Wapi! Mume wangu akakichukua, akakigeuza juu chini, akakirudisha mezani polepole kama mtu aliyeshika yai, akabeba mkoba wake wa mikasi akaenda zake saluni. Unamjua hasemi, lakini mgongo wake ulikuwa unacheka.

Ile ya baba ilitaka watu wawili kuinyanyua. Ikishawaka nusu saa ungeweza kuota moto, ndiyo maana paka aliifanya kitanda chake. Sasa ameruka juu ya kabati kama kawaida, akakuta kitanda hakipo, pana kitu ambacho hata mkia wake haukienei, tena cha baridi. Ametupa kisogo tangu hapo.

Nimeunganisha mwenyewe. Nikiweza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, waya utanishinda nini? Ile minyaya ya baba ilikuwa minene, haikuingia kwenye vitundu, nikaing'oa nikaitupia kwenye droo ya vifungo. Nimetumia hizi mpya ulizotuma, nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kama ulivyochora.

Sasa nisikilize. Nikaweka santuri ya yule mama mwimbaji aliyependwa na baba. Kwanza, kimya. Ile ya zamani ilikuwa na mvumo wake, unajua imewaka kabla haijasema. Hii haikuvuma hata kidogo, nikadhani nimeiunguza. Halafu yule mama akaanza kuimba, na hakuimba kwenye spika. Aliimba katikati, kati ya kabati na kochi, mahali ambapo hakuna kitu. Nilimsikia akivuta pumzi. Nikasogea kumpisha. Naapa, mimi mwanamke mzima, mwenye cherehani mbili na wajukuu, nimesogea kupisha sauti.

Nilikaa pale na pini mdomoni hadi upande mzima wa santuri ukaisha. Sare za shule za watu zimelala mezani hazijakatwa. Ni kama vazi ulilolijua limekunjamana maisha yako yote, na leo mtu kalipiga pasi, kumbe lina maua.

Nilitaka kukupigia simu palepale, nikakumbuka kwamba kwenye simu tunaishia kugombana. Kwenye barua angalau tuna adabu.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Barua yako nimeisomea kazini, ndani ya shimo la lifti, na nimecheka mpaka mwenzangu akachungulia kutoka juu akidhani nimepigwa shoti.

Si chaja. Ile ya baba ilikuwa inakula umeme mwingi na nusu yake inaigeuza kuwa joto la kumlaza paka. Hii inafungua na kufunga umeme kwa kasi ambayo akili haiifikii, kwa hiyo haipotezi joto. Ni ya kidijitali. Ninayo kama hiyo hapa chumbani kwangu, na usimwambie mtu, niliinunua kwa bei ya viatu vya kawaida tu. Na mimi siku ya kwanza nilikaa kitandani nikiwa na buti zangu za kazi miguuni, mdomo wazi. Mvua ilikuwa inanyesha ndani ya ile kanda yangu ya zamani ya kwaya, nimeisikiliza tangu ujana na sikuwahi kujua walirekodi siku ya mvua.

Endelea kuniandikia. Andika unachosikia, si unachodhani napenda kusikia. Kazi yangu siku hizi ni masikio tu. Lifti huanza kulalamika muda mrefu kabla ya kugoma, na wanaopanda hawasikii, wao wanajitazama kwenye kioo. Mimi nasikia. Kwa hiyo barua zako nazisoma kama fundi.

Jambo moja. Santuri ya bendi yetu usiiguse. Na ukiigusa, usiniambie.

Nawasalimia watoto, wajukuu, yule mama wa duka la jirani, na paka.

Kitinda


4 Aprili

Kitinda,

Umesalimia mpaka paka. Sawa. Mwenye nyumba, mume wangu, yeye hana haja ya salamu, anaishi kwa hewa.

Tuyaache. Umeniomba niandike ninachosikia. Nimepitia kabati zima la baba, santuri moja moja, nikifuta vumbi kwa kitambaa cha bitana. Zote ni mpya. Sijui niseme vipi. Tarumbeta zilikuwa rundo, sasa nazihesabu ni ngapi. Kengele ndogo ya yule mpiga ngoma niliyekuwa nadhani ni mkwaruzo, kumbe ni kengele!

Lakini kuna santuri moja inayonitoa kazini kila siku. Usiniulize ya nani, jalada limechakaa. Ni kwa sababu ya mpiga besi wake. Mwenzio sina maneno ya muziki, nakuambia kwa maneno yangu. Ngoma inaingia, gitaa linaingia, kila mtu anataka mlango. Yeye hana haraka. Anangoja wote wakae, ndipo anakuja, na akishakuja sakafu inakuwa sakafu. Kabla yake walikuwa wanacheza hewani. Kopo langu la vifungo linatetemeka juu ya kabati. Namsikia tumboni kabla ya masikioni. Wakati mwingine ananyamaza kidogo tu, pale ambapo ningeapa lazima apige, na ule unyamavu wake unanivuta shingo.

Nimejiuliza mtu wa namna hii alikuwa anafikiria nini. Nimeogopa, Kitinda. Si woga wa mwizi. Ni ule unaokupata ukisimama karibu na kitu kikubwa kuliko wewe.

Wewe ulikuwa mpiga besi. Niambie, huyu ni mtu mzuri au nimetiwa ulevi na mashine mpya?

Dada yako


22 Aprili

Dada,

Hujalewa. Umenieleza kitu ambacho walimu wa muziki hutumia ubao mzima na hawakifikii.

Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Kupiga anaweza kila mwenye vidole. Mpiga besi anayejua kungoja, ukimpata, usimwache, hata kama anakula sana. Na pale unaposema ananyamaza na shingo yako inavutika, hapo huyo bwana amekushika mkono bila ruhusa. Nimesoma ile sehemu mara nyingi. Nimeisoma hata kwa mwenzangu wa kazi, ambaye hajui besi na beseni, akasema, "Huyo jamaa anatisha."

Nakuambia kweli, nimemwonea wivu. Mimi nilitaka kupiga hivyo. Kuna siku nilidhani nimekaribia, kisha nikaambiwa na masikio yangu mwenyewe kwamba sikuwepo kabisa. Basi, mambo ya kale.

Tafuta jina lake. Geuza jalada, tumia miwani, muulize mtu. Mtu wa hivyo huwa anaubeba wimbo mgongoni na hakuna anayemwambia asante. Kama yuko hai nitamwandikia mimi mwenyewe.

Kitinda


6 Mei

Kitinda,

Jalada halijachakaa. Nilikudanganya, na sijutii hata chembe.

Huyo mpiga besi ni wewe. Ni santuri yenu. Niliiweka siku ya pili tu baada ya kifurushi kufika.

Ngoja kwanza, usiikunje barua. Acha nikueleze siku ile kama vile hukuwepo, kwa sababu nadhani kila mmoja wetu alikuwa na siku yake. Santuri ilitoka, baba akaita watu, nyumba ikajaa hadi uani. Yeye mwenyewe akabeba spika moja akaiweka dirishani iangalie nje, ili mtaa wote usikie mwanawe. Ndani tulikaa sisi tulioheshimiwa kwa viti. Santuri ikaanza. Tukasikia gitaa, tarumbeta, ngoma, waimbaji. Wewe hatukukusikia. Baba akainama, akategea sikio, akasema, "Mwanangu, mbona wewe husikiki?" Hakusema kwa ubaya. Lakini niliuona uso wako.

Wimbo ulipokwisha, ukatoka uani. Yule fundi bomba, jirani yetu, akakushika mkono akakwambia, "Besi yako imenitetemesha kifua!" Ukadhani anakukejeli, ukamsukuma akakalia ndoo.

Halafu ukarudi ndani, ukamgeukia rafiki yako wa chanda na pete, mpiga gitaa, ambaye ndiye aliyekaa na bosi wa studio kupanga sauti. Ukamwambia mbele ya watu wote kwamba ameishusha sauti ya besi yako kwa wivu, ili gitaa lake lisikike peke yake. Akaapa hakukushusha. Ukamwita mwongo. Wiki ileile ukahama nyumbani, ukauza besi, ukaenda nchi za watu. Mimi nikaolewa naye na arusini hukuja. Tangu hapo mimi ni daraja ambalo hakuna anayelivuka. Nakupenda wewe, nampenda yeye, na nyinyi wawili mnanipasua katikati kama kitambaa.

Sasa jambo usilolijua. Masikio yake yanakwenda. La kushoto limeshafunga. La kulia limebakiwa na kidogo, na daktari amesema tusilitegemee. Wateja wanamwambia "punguza pembeni" anapunguza juu. Nilipoiweka ile santuri nilimketisha kwenye kochi, nikachukua kiganja chake nikakiweka juu ya spika. Halafu akasema, "Ni yeye." Machozi yakamtoka bila kuficha.

Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia katika ndoa yetu yote. Kwa miaka mingi, kila alipopiga ile santuri hapa nyumbani, naye hakukusikia. Akaanza kujiuliza. Mwishowe akaamini kwamba huenda kweli alikushusha, na kwamba amesahau kwa sababu mtu husahau anachotaka. Amebeba kosa ambalo hakulifanya, kwa ajili yako.

Nasema hiyo mashine yako ni muujiza. Imekutoa ulikokuwa. Mwandikie, Kitinda. Mwandikie kabla hilo sikio la kulia halijafunga, ili nimsomee kwa sauti na asikie mwenyewe.

Dada yako


18 Mei

Dada,

Hakuna muujiza. Nakasirika hata kuliandika hilo neno.

Amplifaya haifufui mtu. Inachukua kilichomo kwenye santuri inakikuza, basi. Kama besi haimo, hata ulete mashine ya kujaza uwanja wa mpira, haitatoka. Na kama imo, basi ile ya baba, ambayo ilikuwa na nguvu mara mbili ya hii, ingeitoa. Ilikuwa nzima wakati ule. Niliisikiliza kila siku mpaka usiku wa kuamkia siku ile na besi za watu wengine nilizisikia vizuri.

Kwa hiyo mambo ni matatu. La kwanza, umezungusha kitufe cha besi mpaka mwisho na unachosikia ni mngurumo tu. La pili, unampenda mumeo kiasi cha kunitungia hadithi. La tatu siliandiki mpaka unijibu, kwa sababu kama ni la tatu sijui nitaishi vipi nalo.

Jibu haya. Kitufe cha besi kiko wapi? Minyaya ya baba uliyoitupa kwenye droo ni ya namna gani, na rangi zake zikoje? Kisha fanya hivi: piga santuri kama ilivyo, usikilize. Zima. Chukua spika moja tu, ubadilishe nyaya zake, nyekundu iende kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu. Nyingine usiiguse. Piga tena. Niandikie ulichosikia, neno kwa neno, bila huruma.

Kitinda


3 Juni

Kitinda,

Kitufe cha besi kiko katikati, hakijawahi kuguswa. Hilo la kwanza limekufa.

La pili pia lizike, kwa maana nimefanya ulivyosema. Mume wangu alikuwa kwenye kochi, mkono juu ya spika. Nimepiga santuri. Upo. Nikazima, nikabadilisha nyaya za spika ya upande wa dirisha. Nikapiga tena.

Ulitoka, Kitinda. Ulitoka chumbani kama mtu aliyeitwa nje. Gitaa lipo, tarumbeta zipo, waimbaji wamesambaa kwenye kuta hujui wamesimama wapi. Kopo la vifungo likatulia. Ilikuwa nyumba yetu ya zamani kabisa, ule muziki wetu mwembamba tuliozoea baada ya wewe kuondoka, tukadhani ni uzee wa mashine. Mume wangu akaondoa mkono akanitazama. Nikarudisha nyaya. Ukarudi. Nikabadilisha, ukatoka. Nikarudisha, ukarudi. Mwishowe nikakaa sakafuni. Nilikuwa na wewe kwenye vidole vyangu viwili, nakutoa na kukuingiza kama taa.

Nikaenda kwenye droo. Ile minyaya ni ya taa. Nyuzi mbili zimesokotana, zote nyeupe, hazina alama yoyote. Ya spika moja ni fupi, haijaungwa. Ya spika nyingine imeungwa kipande kirefu, na pale kwenye maungio pamezungushiwa utepe wa umeme kwa unadhifu, raundi kwa raundi. Mkono wa baba huo. Alikuwa seremala lakini taa zote za nyumba aliziweka mwenyewe, na kwenye taa, waya upi uende wapi haijalishi, inawaka tu.

Nimekumbuka alipoiunga. Ni asubuhi ya siku ile ile. Mimi ndiye niliyemshikia koleo. Waya ulikuwa haufiki dirishani, na yeye alitaka ufike, ili watu wote wakusikie. Alikuwa anapiga mluzi.

Na walikusikia! Nimemuuliza fundi wa redio wa hapa mtaani akanieleza: spika moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta, sauti nene zinauana hapo katikati. Lakini waliokuwa uani walikuwa na spika moja tu mbele yao, haina ya kugombana nayo. Fundi bomba hakukukejeli. Wale wote waliokuwa wanacheza kule nje walikuwa wanacheza kwa ajili yako. Ni sisi tu wa kwenye viti ndio hatukukusikia, na wewe ulikaa na sisi.

Hilo ndilo la tatu, sivyo? Ulishalijua ulipoandika. Hakuna aliyekushusha. Ni mapenzi ya baba yaliyopita kwenye waya vibaya. Nimelia kwa ajili yake, nimelia kwa ajili yako, kisha nikacheka peke yangu hadi mteja akaishia mlangoni.

Mwandikie mume wangu.

Dada yako


11 Julai

Bwana Kitinda,

Dada yako amengoja jibu mpaka ameanza kushona mifuko ya sare kwa nje. Shule imerudisha mashati kumi. Kwa hiyo nashika kalamu mimi, ambaye hata risiti naandika kwa shida.

Sikuandikii kukusamehe. Nimekukasirikia miaka mingi na bado nimekukasirika kidogo, nitamaliza nikimaliza. Ulinifanya niyaogope masikio yangu wakati bado nilikuwa nayo. Nimekaa nyuma ya vichwa vya watu nikinyoa, na kila siku najiuliza: mkono wangu ulikushusha ile siku, au haukukushusha?

Sasa najua, na nimekumbuka na mengine. Nataka uyapate kutoka kwangu.

Kabla ya kibwagizo cha mwisho ulikosea. Unapajua mwenyewe. Noti moja, kubwa, ya uongo kabisa, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Sisi wengine tulipiga vizuri, na fedha ya kurudia haikuwepo. Wewe ulikwenda nyumbani ukiwa umeinamisha kichwa. Tulipokaa kupanga sauti, bosi wa studio akasema, "Hapa tushushe besi, kosa lifichike." Nikakataa. Akasema tushushe wimbo mzima basi, isijulikane. Nikakataa. Tulibishana mpaka akanitoa nje, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu baada ya lile kosa, ulirudi kwenye wimbo kwa hasira na kwa raha ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Ukishusha kosa unashusha na hicho kilichofuata. Nikamwambia aache kila kitu kama kilivyo.

Naamini siku ile baba yako alipouliza mbona husikiki, ulidhani tumekufuta wimbo mzima kwa sababu ya ile noti. Uliona haya kuitaja, ukataja wivu wangu. Kama nimekosea, niambie nimekosea.

Wiki hii nimelitafuta hilo kosa kwa kiganja. Lipo. Linagonga hapa chini ya kidole gumba, halafu kinakuja kile kingine, na mkono wote unajaa. Sikio la kulia nalo lilipata kidogo. Sijui litaendelea mpaka lini. Sina maneno makubwa. Nimekaa na mkono pale kama mtoto aliyeshika tumbo la mama yake mjamzito.

Nakutumia santuri. Ni hii moja tu tuliyo nayo, nimeifunga kwenye mataulo ya saluni. Usituamini mimi wala mke wangu. Ikae kwenye pleya yako, usikie mwenyewe.

Kinyozi


5 Agosti

Shemeji,

Hujakosea.

Santuri ilifika nzima. Ilikaa siku kadhaa bila kuguswa kwa sababu ya woga wangu, nilikuwa napita pembeni yake nikienda kazini na nikirudi. Barua ya dada ya Juni niliijua kabla sijaifungua. Niliposhindwa kumjibu sikuwa na kiburi. Nilikuwa natafuta mahali pa kumweka baba, na mluzi wake, na koleo. Sijapata. Naona nitakaa naye hivyohivyo.

Jumapili mchana niliwasha kile kidude, nikakagua nyaya mara mbili, nikakaa sakafuni.

Sikuwahi kuisikia besi yangu tangu siku niliyoipiga, shemeji. Nisamehe, naandika neno hilo sasa kabla sijapata aibu tena. Nilikuita mwongo mbele ya watu, na wewe ulikuwa umetolewa nje ya mlango kwa ajili yangu ukarudi kwa mlango wa nyuma. Kila kitu kipo. Kidole kinavyoteleza kwenye waya mnene, kipo. Pale nilipovuta muda kidogo kwa sababu mpiga ngoma alikuwa amechelewa, napo papo. Na gitaa lako, ambalo nilisema linataka kusikika peke yake, liko chini yangu karibu wimbo wote. Ulijishusha wewe.

Kosa nimelisikia. Nimeliogopa kuliko ninavyoogopa kamba ya lifti. Ni baya. Ni baya kweli kweli, hata jiwe lingekunja uso. Na kinachofuata sijui nilikitoa wapi. Nilikuwa nimekaa mbele ya kijana ambaye sikumjua, anayejua jambo nililolisahau, na kijana huyo ni mimi.

Santuri sitaituma kwa posta. Nimeomba ruhusa kazini, naileta kwa mkono, na besi ya kuazima nayo, na kabla ya mwezi huu kwisha utaweka kiganja chako kwenye mbao yenyewe wakati napiga. Mwambie dada aandae godoro na aache kushona mifuko nje.

Nilirudisha sindano pale penye kosa, tena na tena, mpaka jirani wa ghorofa ya chini akapanda ngazi akaja kunigongea. Amekunja uso, anasema dari yake inatetemeka, anataka kujua ni nani huyo. Nikamwambia, "Huyo anayekosea hapo ni mimi. Na aliyekataa nifichwe ni shemeji yangu." Akanitazama haelewi kitu. Nikamkaribisha ndani, nikamvutia kiti, nikauanza wimbo mwanzo.

Shemeji yako